Harage Jeupe Katikati

Kodoni huwa nafundisha kwa maharage. Hapa Iringa hayakosekani, na kidato cha sita wamechoka na ubao. Jeusi, jekundu, jeusi: matatu hayo ni kodoni moja, neno la herufi tatu katika jeni, na seli ikiisoma inaleta asidi amino yake na kuiunga kwenye mnyororo wa protini. Toa jekundu la katikati, weka jeupe. Seli haiulizi. Inaleta asidi amino nyingine, na chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu.

Mwanangu alipokutwa na selimundu, nilijua ameirithi kwetu sote wawili, mimi na baba yake. Mamamkwe alidai ni ukoo wangu. Mume wangu alinyamaza, nami mjinga nikamhurumia, nikidhani naye hakujua.

Maana kwetu Kalenga binti haolewi kabla ukoo wa mchumba haujaulizwa. Wazee walimuuliza mshenga, mume wangu kakaa pembeni yake: "Kwenu kuna ugonjwa wowote?"

"Hakuna, baba," mshenga akajibu. "Damu yetu safi."

Tukala, tukacheka.

Likizo iliyopita tulikuwa kwa mamamkwe, Mbalizi. Baridi ilimpiga mtoto, magoti yakaanza kumuuma. Kabla sijainuka, bibi yake alishapasha mafuta ya alizeti, anamkanda palepale panapouma na kumnywesha maji.

"Mdogo wake mumeo nilikuwa namfanyia hivihivi," akasema, kisha akafunga mdomo.

Mdogo huyo niliambiwa alikufa kwa malaria. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mamamkwe wangu kaumbuliwa na mafuta ya kupikia.

Nilimfuata mume wangu uani. "Ulijua?"

"Nilijua, mke wangu. Ningesema, wazee wako wasingekubali."

"Achana na wazee. Mimi je?"

Nusu ya ugonjwa ni yangu, sikatai, lakini mimi sikujua. Angeniambia, tungepima, tungeamua wawili. Aliamua peke yake, akaniacha nitukanwe na mama yake miaka yote hiyo. Nilimchukia, na bado namchukia.

Nikafunga mizigo nirudi Iringa na mwanangu. Mlangoni akanivuta sketi.

"Mama, baba haji? Magoti yakiuma nani atanikanda? Wewe hujui."

Kweli sijui. Siku zote za baridi alikuwa akikandwa na baba yake, nami nikiwatambia majirani kwamba mume wangu ana mikono ya huruma. Sikuwahi kumuuliza alijifunzia kwa nani.