Bibo Moja Kabla ya Kipimo

Jamani, hili nalisimulia nimeinamisha uso, maana mpaka leo nikikatiza sokoni Mpapura wanawake wanaziba vinywa kwa kanga wasinichekee waziwazi.

Nasoma hesabu chuoni, na utafiti wangu ni wa milinganyo inayoonyesha sukari inavyopanda kwenye damu mtu akila, kisha kongosho likatoa insulini, sukari ikashuka taratibu. Nilipokuja likizo nikamkuta shangazi Somoe anakunywa maji mfululizo, amekonda, dalili za kisukari hizo, na kupimwa hataki kabisa. Nikasema basi, nitawakusanya akina mama nijipime mbele yao, waone haiumi. Nikachora ubaoni mstari wa sukari yangu itakavyokwenda kuanzia tano, kiwango cha mtu mwenye afya, nikaapa (kwa mbwembwe, Mungu anisamehe) kwamba hautakosea.

Sasa nikiwasubiri wakae, nikaokota bibo limeiva chini ya mkorosho, nikalifyonza (bibo moja litaubadilisha mstari gani?), maji yakatiririka mpaka viganjani, nikajifuta kwenye kanga.

Nikajitoboa kidole. Kipimo kikaandika ishirini na sita.

Badala ya kufikiri, mimi msomi nikapiga yowe, "Nakufa! Niitieni bodaboda!" nikakaa chini nikaanza kumuusia mama nguo zangu, akina mama nao wakaangua kilio, mmoja akanimwagia ndoo nzima ya maji, na nilipohisi ule ulimbo wa bibo unatoka vidoleni ndipo akili ikanirudia. Nikajifuta, nikajipima tena, nimelowa chapachapa. Tano.

"Kumbe kinadanganya," akasema shangazi, akajifunga kanga, huyoo akaondoka. Wenzake wakamfuata wakicheka. Nikabaki napayuka kwamba ile ilikuwa sukari ya tunda, siyo ya damu. Hakuna aliyegeuka.

Nilimbembeleza wiki kadhaa. Alipokubali, alinawa, nikampima, namba ikaja juu sana. Akanitazama.

"Ngoja ninawe tena, mwanangu."

Akanawa kwa sabuni, akajikausha, akanipa kidole kingine. Namba ikabaki palepale.

Siku hizi anatumia dawa, mwili umemrudia, na akinisimulia kwa wageni anacheka mpaka machozi. Mimi sicheki, maana zile wiki alizokaa bila dawa nilimpotezea mimi. Nimeapa sitamfanyia mtu maonyesho ya damu tena. Naenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu, taratibu, na wakiniuliza jambo nisilolijua, nasema sijui.