Ukuta Aliousiriba Mama

Harufu ya udongo mbichi uliokandwa na samadi ya ng'ombe hunirudisha mwaka niliokuwa darasa la nne. Nje kidogo ya mji wa Tabora lilikuwapo tembe la kale, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lililojengwa enzi za misafara, kisha Mjerumani akalifanya ofisi yake. Kila masika yalipokwisha, mvua ikiwa imezilamba kuta, mama na wenzake wawili waliitwa kulisiriba. Alirudi jioni ana udongo hadi kwenye nyusi, akiimba, nami nikimwomba Mungu asikutane na wanafunzi wenzangu njiani. Nilikuwa na kiburi cha kijinga, na sioni haya kukisema sasa.

Muhula huo mwalimu akatupeleka kulitembelea. Mwongozaji, mzee mwenye sauti nzito, akaupiga ukuta kwa kiganja. "Huu ni uleule wa zamani, wanangu. Guseni historia!" Tukaugusa wote. Rafiki yangu Nyamizi akaninong'oneza, "Si mama yako ndiye aliyesiriba hapa juzi?" Nikamjibu, "Mama yangu? Umemfananisha." Mkataa kwao mtumwa, na mimi nilikataa kiganja changu kikiwa juu ya kazi yake.

Nyumbani mama alikuwa akinisubiri mlangoni. "Haya, wamesemaje kuhusu ukuta?" Nikamwambia wamesema ni wa kale kweli kweli. Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi nimeuweza!" Hakuuliza mimi nilisema nini. Furaha yake iliniuma kuliko kiboko, na hadi anafariki sikumwambia.

Mwaka huu nimewapeleka wanangu wawili kwenye tembe lilelile. Siku hizi watoto hupiga picha kwa simu kabla hata hawajatazama. Mwongozaji, kijana mchangamfu, akasema yaleyale, kwamba ukuta ni uleule. Safari hii sikumkana mama. "Mama yangu aliusiriba," nikasema. Akatabasamu kwa adabu. "Basi kazi ya mama iko chini kabisa. Huu umesiribwa wiki hii, na nyuma bado wanaendelea." Nikamwomba aniitie msiribaji. Akaenda, akarudi na mwanamke wa makamo, udongo hadi viwikoni, uso umejaa wasiwasi.

Wanangu wakamwamkia shikamoo. "Marahaba, wanangu," akajibu, kisha akanigeukia. "Kuna mahali pamepasuka, dada?"

"Hapana," nikamwambia. "Nataka watoto wakuone."