Sabuni Yangu katika Unga wa Mama Noela

Aliyeharibu siku ya kuonja unga wa muhogo katika kambi ya jeshi ya Makenke ni mimi, niliyekuwa mratibu wa mradi ule, na nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Akina mama sita wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hawakuhusika. Kampuni haikuhusika, wala familia za askari zilizokaribishwa kula. Nimestaafu sasa, nina shamba langu la migomba na afya ya kutosha, lakini kila ninapomwona mtu anachekecha unga sokoni uso unaniwaka moto kama mwanafunzi aliyekamatwa akimwangalizia jirani yake katika mtihani.

Niweke mambo katika mpangilio wake (mtaniwia radhi, maisha ya ofisi hayatoki mwilini upesi). Palikuwa na kampuni moja ya kusaga nafaka hapa Mbarara, Uganda, ambayo sitaitaja jina, iliyokuwa ikiuza unga wa muhogo usiopendwa na mtu yeyote, kwa sababu ukiusonga unavutika kama gundi na ukipoa unageuka kitu cha kuezekea. Mafundi wake walijifungia miezi mingi katika chumba chao cha majaribio, wakabadilisha mashine, wakabadilisha machekecheke, na gundi ikabaki gundi. Ndipo meneja, mwanamke mwenye akili na asiye na majivuno, akaamua kwamba kampuni itoke nje ya kuta zake, ikashirikiane na wenye ujuzi: Wakongo wa Kivu Kusini walioko Nakivale, ambao wamekulia kwenye muhogo, wafundishe namna ya kuutengeneza, wake wa askari wa Makenke, ambao hupika kila siku na hawana haya ya kuuita mbaya uliokuwa mbaya, waonje na kuamua, na ofisi yetu ya wilaya, iliyoko Kamukuzi, iratibu. Lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Kiongozi wa akina mama alikuwa Mama Noela, mkulima kutoka Fizi, mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na alikuja kwenye kikao cha kwanza akiwa na sharti moja.

"Papa," aliniambia (ndivyo walivyoniita, nami nilipenda), "sisi hatukuye hapa kusaidiwa. Hii kazi ni yetu. Kama unga inakuwa muzuri, jina ya kikundi yetu iandikwe ku mufuko."

Nikamwuliza kwa nini jina lilikuwa na uzito kiasi hicho. Akanitazama kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Kila kitu mu nyumba yangu kiko na jina ya mutu mwingine. Turubai, blanketi, jerikani, hata sufuria. Nataka kitu kimoja chenye kiko na jina yetu."

Meneja akakubali palepale. Mkataba ukaandaliwa, ukapigwa chapa, na ikakubaliwa kwamba utatiwa saini Makenke siku ile ile ya kuonja, mara walaji watakaposema wameridhika. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea gunia moja la unga, na gunia lile nilikabidhiwa mimi.

Sasa, ujuzi wenyewe wa akina mama ni huu: muhogo unamenywa, unavundikwa majini siku tatu mpaka ulainike, unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa. Hizo siku tatu ndizo zinazoondoa ule mnato, na ndizo zinazoacha harufu. Mama Noela alinieleza wazi kabisa: "Papa, unga yetu inakuwaka na harufu. Usiiogope. Ikiingia mu maji ya moto inaisha." Nikaandika katika daftari langu: *Harufu ni ya kawaida.* Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nikafanya nilichofanya.

Kwa maana tulipofika Kaberebere, tukitoka Nakivale na gunia ndani ya gari la ofisi, askari mmoja wa barabarani alitusimamisha, akaingiza kichwa dirishani, akakitoa upesi.

"Mzee, umebeba nini? Kitu imekufa?"

"Ni unga, afande."

"Unga ya nani nanuka hivi? Pita, pita, sebo, utaua mimi."

Mtu mwingine angecheka. Mimi niliona aibu, na aibu ile nikasafiri nayo mpaka Kamukuzi, ambako mwandishi wangu wa ofisi alifungua madirisha yote. Zilibaki siku mbili kabla ya Jumamosi ya kuonja. Nikawaza: kapteni wa kambi atakuwepo, meneja atakuwepo, na mimi ndiye nitakayesimama kutambulisha gunia linalonuka. Katika stoo ya ofisi palikuwa na sabuni sita za kuogea, za rangi ya waridi na marashi makali, zilizonunuliwa kwa ajili ya choo cha wageni. Nikazifungua karatasi nusu nusu ili marashi yatoke vizuri, nikazifukia ndani ya gunia, nikalifunga. Nilijisifu kwa ubunifu wangu. (Kampuni nzima ilitoka nje kutafuta ujuzi, ikaupata, na mimi niliyetumwa kuubeba tu nikaona niurekebishe.)

Jumamosi asubuhi nikakunja mikono ya shati, nikaingiza mikono mpaka viwiko, nikatoa sabuni tano. Nikatafuta ya sita. Nikatafuta tena. Dereva akapiga honi. Mimi, ambaye ofisini nilijulikana kwa kuhesabu hata vibanio vya karatasi, nikajiambia kwamba pengine nilitia tano.

Makenke palikuwa pamependeza. Mahema mawili, mabenchi, wake wa askari na vitenge vyao, watoto waliofukuzwa na kurudi, kapteni katika kiti cha mbele, meneja kando yake na mkataba ndani ya bahasha. Akina mama wa Nakivale walikuwa wamefika, maji yanachemka. Mama Noela akafungua gunia, akainama, akanyanyuka.

"Papa, hii unga ililala fasi gani?"

"Ilihifadhiwa ofisini."

"Iko na harufu ya ofisi mingi sana. Acha tuichunge tena."

Kuchunga ni kuchekecha. Kama ningeruhusu, sabuni ingebaki juu ya chekecheke, tungecheka, nami nisingekuwa na mkasa wa kuandika. Lakini nilitazama saa yangu, nikatazama ratiba niliyoiandika mwenyewe, nikasema: "Kapteni amekwisha kuketi. Hakuna muda wa kuchunga."

Wakamimina. Mwanzoni mambo yalikwenda sawa, mwiko mkubwa unazunguka, akina mama wanaimba kidogo kidogo, kisha pembeni mwa sufuria likatokea povu, jeupe, laini, likapanda, likamwagika motoni likalia chaa. Mke wa koplo mmoja, mwanamke mnene na mcheshi waliyemwita Mama Sharoni, akasimama kwenye benchi ili aone vizuri.

"Nyabo! Hii posho nyinyi napika ama nafua?"

Mahema yote mawili yakacheka (posho huku kwetu ni ugali). Mama Noela hakucheka. Alisimamisha mwiko, akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini: "Papa, tumwange hii. Mama Elisa iko na unga ingine kidogo, tulikuya nayo ya kula sisi. Tupikie bakubwa tu, baonje."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele yangu kwa adabu kabisa. Na mimi nikajibu (nayakumbuka maneno yangu kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala): "Mama, unga utakaoonjwa ni ule uliosajiliwa. Endeleeni."

Wakaendelea, na sahani zikagawiwa. Kapteni, kwa heshima, akaanza. Akamega tonge, akachovya katika mchuzi, akatia kinywani, akatulia. Akameza, kwa sababu ni askari. Alipofungua mdomo aongee, kipovu kidogo kikachungulia pembeni mwa mdomo wake, kikapasuka.

"Mzee," akasema polepole, "mimi nimekula vitu mingi kwa hii kazi. Lakini hii, hapana."

Walioanza kutafuna wakakimbilia bomba, na kwa kukimbilia maji wakazidisha povu, wakawa wanatema na kucheka na kulaani kwa lugha nne. Ndipo Mama Sharoni akapaza sauti kutoka kwenye benchi lake, ameinua juu kitu cha waridi, kilichoyeyuka nusu, kimegandwa na kipande cha karatasi.

"Nyama nimepata mimi! Nani nataka nyama?"

Kicheko kikawa kikubwa mno. Na katikati yake mtu mmoja, sikumwona ni nani, akasema: "Si hao wakimbizi napewa sabuni kila wakati? Imeanguka ndani kwa uchafu wao." Kicheko kikabadilika. Nyuso zote zikageukia akina mama sita waliokuwa wamesimama karibu na moto, mikono imejaa unga.

Mama Noela akaenda mpaka kwa Mama Sharoni, akachukua kile kipande, akakinusa.

"Sisi banatupatia sabuni ya kufua," akasema, si kwa hasira. "Ya kipande murefu, haina marashi. Ya hivi hatuyaone hata siku moja."

Kisha akanigeukia. Alijua. Alikuwa ameingia ofisini kwangu mara tatu, amenawa mikono katika choo cha wageni.

"Papa, sema."

Meneja naye akauliza, kwa utulivu: "Unga ulikuwa mikononi mwa nani tangu Nakivale?"

Nilihitaji neno moja. Watu wote walikuwa wakilisubiri. Nikarekebisha tai yangu, nikasema: "Madam, unga ulipita mikono mingi. Jambo hili litachunguzwa."

Bahasha ikarudi ndani ya mkoba. Na sikilizeni jinsi aibu inavyoweza kuota miguu: aliyeteuliwa kuchunguza nilikuwa mimi. Nikaandika kurasa nne, nikapiga mhuri, nikahitimisha kwamba chanzo hakikubainika na kwamba "usafi uimarishwe kwa upande wa watayarishaji." Kampuni, kwa kutegemea taarifa yangu, ikaona ni busara kujitayarishia muhogo yenyewe, kwa siku zile zile tatu za kuvundika ambazo mafundi wake walikuwa wamekwisha kujifunza. Unga ule ukapendwa. Nimeuona madukani. Kwenye mfuko pana jina la kampuni peke yake.

Nilikwenda Nakivale mara moja tu baada ya hapo, kurudisha mabeseni yao waliyoyaacha Makenke. Mama Noela aliyapokea, akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali na nilikuwa na majibu yake. Hakunitukana.

"Ungesema tu, Papa," alisema. "Batu bangecheka, kisha tungepika ingine."

Nikamaliza maji yale, nikaaga.

Nimekwisha kuwaandikia wakuu wa iliyokuwa ofisi yangu barua mbili, na mara zote mbili nimejibiwa kwa upole kwamba faili limefungwa na kwamba mzee apumzike. Siombi kupumzika. Nadai rasmi kwamba faili lile lifunguliwe, taarifa yangu ya uchunguzi ifutwe kwa kuwa ni ya uongo na mwandishi wake ndiye mkosaji, na kampuni ipelekewe nakala ili iamue upya, ikiwa na ukweli mkononi, jina la nani linastahili kuandikwa kwenye mfuko ule. Nadai pia niitwe mbele ya kikao halali, akina mama wale sita wakiwa wamekaa mezani, niulizwe swali lile lile aliloniuliza meneja, na jibu langu liandikwe.