Kaburi la Mama na Wizara Zake

Kuna kisiwa kidogo upande wa Karibi nilikokaa miezi kadhaa, meli yetu ilipokuwa ikitengenezwa. Serikali yao karibu yote ilikuwa kwenye jengo moja mkabala na bandari. Mawaziri wachache, kila mmoja kabebeshwa wizara mbili tatu; uvuvi, misitu, ardhi na maji vilikuwa kwa mtu mmoja, ghorofa ya juu.

"Bahari ikikumegea ua," mama mwenye nyumba aliniambia, "unapanda ngazi hiyo tu. Na aliyeko juu pengine ni shemeji yako."

Nilicheka. Dada yangu alinipigia simu nikiwa bado kwenye chumba nilichopanga kwa mama huyo.

"Mdogo wangu, mto umefika makaburini. Bamvua lijalo, maji makuu yakijaa, linamchukua mama."

Nikarudi nyumbani. Tuliomba wilayani, Kibiti, mojawapo ya mawili: boriti za mikoko tukinge ukingo, au ruhusa ya kumhamisha marehemu. Watu wa misitu walitusikiliza kwa upole. Mikoko ni yao, ukingo unaomomonyoka si wao. Watu wa maji wakasema mto ni wao, ila pale panapopanda maji ya chumvi waulizwe wengine. Afisa afya akasema kufukua kaburi ni kwake, mahali pa kuzika upya ni pa watu wa ardhi. Hakuna aliyetudanganya. Kila mmoja alifika kwenye mpaka wake akasimama.

"Mama alipokuwa hai hata mjumbe hakumuuliza hali," dada alisema tukiwa barazani. "Leo ana wizara nne!"

Tulicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Si tukamtoe wenyewe?" nikamuuliza.

"Mamako unamwibaje, wewe?"

Bamvua halikungoja jibu. Tulipofika na mtumbwi, makaburi yalikuwa maji matupu. Kwetu kaburi husimikwa vipande viwili vya mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, kichwani na miguuni, tunaviita mashahidi. Wa miguuni alikwishakwenda. Wa kichwani alikuwa bado amesimama majini, ameinama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Dada akashuka, maji yakamfika kiunoni. Akamkumbatia shahidi.

"Shika huku. Tunamhamisha hivi hivi."

Tulimsimika uani kwa dada, kijijini Dimani, tukasoma Fatiha juu ya ardhi isiyo na mtu.

Najua mti uliokaa kwenye chumvi hutoka jasho. Lakini mara ya mwisho nilipita pale katikati ya kiangazi, vumbi limenifika kwenye nyusi, njiani kuelekea bandari nyingine. Nikainama kumgusa shahidi chini, kiganja kikalowa.

"Dada, umemwagia maji?"

"Sijamgusa," akajibu kutoka jikoni. "Huwa hivyo ukija wewe. Ukiondoka anakauka."

Begi lilikuwa bado mgongoni. Nikalitua.