Mteja wa Uongo

Mwaka ule niliajiriwa kwa miezi mitatu kudanganya. Wauzaji wa maduka ya dawa pale Mwanza walikuwa wamepewa semina kuhusu tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo watu waliinunua kama pipi, wengine wakizidisha mpaka kupoteza fahamu. Sasa wakubwa wa mradi walitaka kujua kama semina ilisaidia. Tukatumwa kama wateja: unaingia dukani, unalalamikia mgongo, unaomba tramadoli bila cheti cha daktari, halafu unatoka kwenda kujaza fomu. Ameuza. Hajauza. Basi.

Katika mtaa wa Igogo niliingia kwenye duka la mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejishika hivyo?"

Nikamwaga niliyokariri: nimeanguka na ndoo ya maji, silali, nipatie hata vidonge kumi.

"Hiyo siuzi bila cheti," alisema. "Ila siwezi kukuacha hivyo."

Nilitakiwa kuaga palepale. Kabla sijafungua mdomo, alishafunga duka na kunishika mkono. Tukapanda mlima kwenda kituo cha afya, akisimama kila mara ili nipumzike. Njiani tukakutana na mteja wake, akauliza mbona amefunga mchana. "Nina mgonjwa," akamjibu. Nilizidi kuchechemea, kwa aibu.

Alinikalisha kwenye benchi, akanikabidhi kwa muuguzi, akarudi dukani. Alipotoweka, nikaondoka. Kwenye fomu nikaweka alama: Hajauza.

Sikuwa na raha. Kazi ilipoisha niliomba ruhusa kwa msimamizi wetu, nikarudi kumweleza ukweli yule mama.

"Kwa hiyo mgongo hauumi?"

"Hauumi, mama. Nisamehe."

"Nashukuru Mungu. Nimekuwa nakuombea." Akavuta kiti, akakaa. "Kabla ya semina nilikuwa nauza. Kuna baba mmoja anabeba samaki, alikuwa haishi kuja. Asubuhi moja akaja mkewe mbio, anauliza nilimpa vidonge vingapi, maana haamki. Walimkimbiza hospitali, akaamka kesho yake. Sasa simuuzii. Lakini mgongo wake bado unauma, mwanangu, na mizigo bado anabeba. Kituoni wanampa vidonge vya homa. Nimpeleke wapi?"

Nikamwomba ruhusa niyaseme hayo kwenye kikao chetu cha kutoa matokeo.

"Sema. Jina langu liache."

Kikaoni watu walikuwa na furaha, maana maduka mengi yalikuwa yamekataa kuuza. Nilisimama nikasimulia habari za mbeba samaki. Msimamizi akatuuliza, "Hao waliokataliwa wote, wamekwenda wapi?"

Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Mkataba wangu ukaongezwa ili nikalitafutie jibu. Asubuhi moja nilikwenda ufukweni, samaki wanaposhushwa, safari hii bila kujishika mgongo, nikajitambulisha kwa wabeba samaki na kuwauliza wanaumwa wapi. Walikuwa na mengi ya kusema.