Hili Si la Utani

Mtu baki akikutenda, unajua la kufanya. Unamjibu, au unamwacha na Mungu wake. Mimi nilitendwa na mtani wangu, na mtani hanuniwi. Ukinuna, wazee wanakucheka na wanakuambia huna malezi. Basi nilikaa na hasira yangu kama mtu aliyemeza uji wa moto mbele ya wakwe.

Mimi ni Msukuma, nashona sare za shule Butimba. Yeye ni Mzaramo, fundi makochi, alikuja Mwanza akiwa kijana na Pwani hakurudi tena. Siku ya kwanza niliingia kibandani kwake pale stendi ya Buzuruga kutafuta uzi mnene. Hakuniuliza hata jina. Alisikia lafudhi yangu tu, akasema, "Karibu, mshamba. Hivi nyie huwa mnapiga kura au mnapiga kula?"

Nikamwambia Wazaramo waliuza mashamba yote wakanunua ngoma, ndiyo maana anashona makochi ya watu na yeye amekalia ndoo. Alikuwa ameshabana misumari mdomoni aendelee na kazi, akacheka mpaka ikamtoka. Hivyo ndivyo anavyofanya kazi, misumari midogo ameibana kwa midomo, anaichomoa mmoja mmoja na kuigonga. Ukimkuta katikati ya kochi hawezi kukujibu, anakutolea macho tu.

Wasukuma na Wazaramo wametaniana tangu enzi za mababu, na utani una sheria zake. Mtani hapewi shikamoo. Amenizidi umri kwa mbali, na angekuwa mtu mwingine ningempigia goti kila nikimwona, kama wasichana tulivyofunzwa nyumbani. Yeye alikuwa akinidai mbele za watu, "We Msukuma, shikamoo yangu iko wapi?" Namjibu, "Shikamoo yako utaipata siku nakuzika." Watu wa stendi walikuwa wanaacha mizigo yao kutusikiliza.

Sheria nyingine: kitu cha mtani hakiibwi, kinachukuliwa. Nikienda na michembe kwenye mkoba, anaingiza mkono anakula, huku akisema viazi vikavu ni chakula cha punda. Mimi nilimchukulia kofia yake ya kitambaa na ninayo mpaka leo. Hakuna aliyeomba samahani.

Mama yangu alipofariki alikuja msibani. Wakati wote tunalia, yeye akatoka ndani amejifunga kitenge cha marehemu, anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto vilevile kama mama, anafokea watu kwa nini chai haina tangawizi. Nilicheka. Sikuwa nimekula, sikuwa nimelala, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini, na baada ya hapo ndipo nilipoweza kumzika mama yangu. Kwa hiyo msinione mjinga niliyemwamini mtu hovyo.

Ndege nilimfundisha mimi. Baba yangu alikuwa mfugaji, na nimekua nikitazama yangeyange wakitembea nyuma ya ng'ombe. Nilipopata nafasi nikawa naenda kwenye ile hifadhi ndogo iliyo ufukweni, nje ya mji. Ni eneo la kutembea asubuhi moja ukalimaliza, lakini lina kila kitu: majani marefu upande wa juu, msitu wa migunga katikati, na chini, kabla ya ziwa, kinamasi chenye mafunjo. Mtani alinicheka sana. "Msukuma amekosa ng'ombe wa kuchunga, sasa anachunga ndege!" Halafu Jumapili moja akanipakia kwenye pikipiki yake ili aje kunicheka vizuri zaidi. Akamwona mdiria akining'inia hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa kimetulia tuli, kisha akazama na kuibuka na dagaa. Mtani alinyamaza, na sikuwahi kumwona amenyamaza bila misumari mdomoni.

Tangu hapo tukawa tunakwenda pamoja. Darubini ilikuwa yangu, mkanda wake ulikatika, akanishonea mwingine kwa ngozi ya makochi ya rangi ya kahawia, mshono wa mistari miwili na fundo dogo jekundu mwishoni. Fundo hilo ndiyo sahihi yake, kila kochi lake analo. Mvua za kwanza zikianza tulikuwa tunasubiri mbayuwayu. Kiangazi kikishika tunatazama mnandi na bata wakibanana kwenye maji yaliyobaki. Kila msimu una wageni wake, na tulikuwa tunabishana nani kamwona wa kwanza.

Mwaka huo korongo wenye taji, dume na jike, walitaga kwenye kinamasi. Nilikuwa nimewatazama miaka mingi wakija kula kwenye majani, wakicheza ile ngoma yao ya kurukaruka, jioni wakipanda kulala juu ya migunga. Hawakuwahi kutaga pale. Watu wanawakamata watoto wao kwa sababu ni ndege wazuri, wanawafuga kwenye bustani. Kwa hiyo nilipokiona kiota, nilinyamaza. Sikumwambia hata askari wa getini.

Nilimwambia yeye. Nilimpeleka kwenye kichuguu ambapo ukichuchumaa unaona kiota katikati ya mafunjo. Kabla sijampa darubini nilimshika mkono nikasema, "Sikiliza. Hili si la utani."

Maneno hayo kwetu ni mazito. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia, kukuzuia njia hata siku ya harusi yako. Lakini ukisema hili si la utani, umeliweka kando, na kuanzia hapo mnaongea kama ndugu wa tumbo moja.

Alinitazama. Hakucheka. "Nimesikia," akasema. "Si la utani."

Walianguliwa wawili. Jamani, wale watoto! Manyoya laini ya rangi ya mchanga, miguu mirefu isiyojua inakwenda wapi. Wanazaliwa leo, kesho wanatembea, lakini kuruka hawawezi mpaka msimu ukaribie kuisha. Tulikuwa tunawatazama wakikua, wanamfuata mama yao kwenye majani, wakisikia kitu wanalala chini huwaoni tena. Nilikuwa nashona sare huku nawaza siku watakayoruka. Sina mtoto aliyeondoka nyumbani kwa furaha, wangu waliondoka kwa ugomvi. Nilitaka kuona hawa wakiondoka vizuri. Ndiyo hivyo, nimesema.

Jumapili moja hatukuwaona. Wazazi walikuwa wanazunguka kinamasi wakilia, ile sauti yao kama tarumbeta iliyopasuka. Niliingia kwenye tope mpaka magotini. Na yeye aliingia! Alitafuta na mimi asubuhi nzima, anafunua mafunjo kwa fimbo, anapiga mluzi, anasema, "Pole mtani. Kenge hao. Kenge hana huruma." Alinishika bega. Nililia, na mtu niliyemlilia ni yeye.

Baada ya Pasaka kulikuwa na harusi ya binti wa jirani yangu, kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Nilitoka ukumbini kupunga upepo. Kwenye bustani, karibu na chemchemi ya saruji, walikuwa wamesimama korongo wawili wachanga, vitaji vyao ndiyo kwanza vinaota. Manyoya ya mabawa yamekatwa. Kila mmoja amefungwa mguu mmoja kwa mkanda kwenye kigingi. Nilijiambia ndege wapo wengi. Nikainama.

Mkanda ulikuwa wa ngozi ya kahawia. Mshono wa mistari miwili. Fundo jekundu mwishoni.

Dada mhudumu alipita na trei ya soda, akaona nimeinama. "Wazuri, eh? Aliwaleta fundi aliyeshona makochi ya ukumbini. Bosi alimuuliza kama hawana kesi, akasema ni wa mtani wake Msukuma. Akasema kitu cha mtani hakiibwi." Akacheka. "Wazaramo bwana!"

Mimi ndiye niliyemfundisha kuona. Nilimpa macho yangu, na yeye akayatumia kuja kuniibia. Sikurudi ukumbini. Sikumpongeza hata bibi harusi.

Kesho yake nilikwenda kwa askari wa hifadhi, nikaeleza ndege walipo na walitoka wapi. Watu wa wanyamapori wakaenda kuwachukua, walelewe kwanza mpaka manyoya ya mabawa yaote. Mmoja alikuwa na kidonda mguuni palipofungwa, akafa. Wa pili naambiwa yu hai, lakini hatarudishwa kwetu. Wale wazazi walikuwa wameshahama.

Kisha nikaenda Buzuruga. Alikuwa nje ya kibanda, amelaza kochi mgongo chini. Aliponiona alitema misumari kiganjani, akakenua. Alikuwa ameshasikia.

"Mtani! Umenitumia serikali? Kwa ndege?"

"Nilikwambia si la utani."

"Ala! Sasa unanuna? Yule bwana wa hoteli aliona picha zao kwenye simu yangu, akawapenda, na alikuwa na ukumbi mzima wa makochi. Ningefanyaje? Njaa haina adabu, mtani. Ndege watakuja wengine mvua ikinyesha."

"Ulitafuta na mimi kwenye tope."

Hapo akainamisha macho, akaipanga misumari kiganjani. Kisha akafanya kile alichokizoea. Aliingiza mkono kwenye mkoba wangu, akatoa mchembe, akauweka mdomoni. "Chakula cha punda," akasema, akasubiri nimjibu. Watu wa stendi wameshageuka, wanangoja kicheko chao. Na mimi jibu nilikuwa nalo. Miaka yote hiyo sijawahi kukosa jibu kwa yule mtu. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi, tamu kabisa, na nilijua nikilitoa tu tutacheka wote, na yote yatakuwa yamekwisha, na wale watoto wa korongo watakuwa wameingia kwenye utani pamoja na kofia na michembe.

Nikalimeza. Nikaweka mkoba chini. Nikapiga goti palepale kwenye vumbi, mikono nimeikunja kifuani, macho chini, kama alivyonifunza mama.

"Shikamoo, kaka."

Mchembe ulikuwa bado mdomoni mwake, hautafunwi. "Usinifanyie hivyo," akasema kwa sauti ndogo. "We Msukuma. Nitukane."

Nikainuka, nikapangusa goti, nikaondoka.

Mbayuwayu wamesharudi mara kadhaa tangu siku ile, na ninakwenda kuwatazama peke yangu. Duka la uzi liko mbele ya kibanda chake, kwa hiyo kila nikiishiwa lazima nimpite. Kila nikimpita, napiga goti na kumwamkia kwa heshima zote anazostahili mtu mzima. Anabana misumari haraka mdomoni akiniona natokea. Marahaba yake bado sijaisikia.