Jani Dogo Kuliko Yote

Anord hakuwa mtu wa zawadi. Aliendesha lori la mbao kati ya Mafinga na Tunduma, na kila aliporudi nyumbani Nyololo alimletea mkewe Matilda mchele wa Mbeya, ambao Matilda aliupika mgahawani kwake na kuwauzia madereva wengine. Kwa hiyo hata mchele, ukiutazama vizuri, haukuwa zawadi. Ulikuwa mzigo wa kazi.

Safari moja akashuka na mti ndani ya ndoo ya rangi. Majani yake yalikuwa membamba, yamejipanga kama manyoya ya mkia wa jogoo.

"Nini hiki?" Matilda akauliza.

"Mti. Nimenunua kitaluni Mbalizi. Yule mama aliniambia jina, limenitoka."

"Unaliwa?"

"Wa kuangalia tu, mama Happy."

Matilda alicheka mpaka akashika meza. Wiki haijaisha, presha ikamwangusha Anord bafuni, na hakuamka. Watu wakaja msibani, wakala wali, wakasema marehemu alikuwa mkarimu. Matilda hakubisha. Ushahidi wa ukarimu huo ulikuwa mmoja tu, umesimama mlangoni ndani ya ndoo ya rangi.

Akaamua usife. Shida ni kwamba hakujua ni mti gani, wala unataka nini.

"Mchikichi huo, mama," alisema Asukile, fundi tairi wa jirani, mtu wa Kyela. "Kwetu ipo mpaka inatuchosha. Subiri, utakamua mawese uzeeni."

"Nitakuuzia."

"Mimi? Baridi yenu hii itakuwa imeshanizika."

Happy, binti yake anayesoma chuo Iringa, aliomba picha akaiuliza simu. Simu ikajibu bila wasiwasi wowote kwamba ni mnazi. Mnazi, Nyololo, ambako mwezi wa sita majani huamka yamefunikwa na barafu! Lakini simu ilionyeshwa picha tu, baridi haikuonyeshwa.

Basi Matilda akautunza kwa kubahatisha. Aliuwekea samadi iliyooza, akaumwagilia maji yaliyokaa juani. Baridi ilipoanza aliuingiza jikoni na kuufunika kitenge, na wateja waliokuja wakitetemeka wakakuta nafasi nzuri karibu na moto imeshachukuliwa na mti. Baridi ilipokwisha, katikati kabisa likachomoza jani dogo jipya, limekunjika, limenyooka kama mshumaa. Mazikoni Matilda hakulia, na watu walimsema sana. Siku hiyo alilia mpaka wali ukaungua.

Ikaja Jumapili ya Matawi. Kigango chao kilizoea kuishangilia siku hiyo kwa matawi ya saiprasi, kwa hiyo maandamano yalifanana na msitu wa mbao unaohama. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo Jailos, katekista, akaja na kisu.

"Mama Happy, huu ni wa jamii ya mitende. Ule wa kwenye Injili! Naomba jani, nisuke msalaba wa altareni."

Matilda akasita. Ila Jailos ndiye aliyeongoza sala za kumzika Anord, padre alipokwama njiani.

"Moja tu, mwalimu."

Jailos alikuwa na adabu. Kumkatia mjane jani kubwa aliona ni uroho. Akachagua dogo kuliko yote, lile la katikati, ambalo hata halijafunguka. Tena laini, linakunjika vizuri. Akaingiza kisu mpaka chini, akalivuta likatoka na kitako chake cheupe.

"Umeona? Nimechukua kadogo, hutajua hata kama nimepita."

Msalaba ulipendeza. Anord, ambaye kanisani alionekana Krismasi na siku lori lilipoharibika, alikuwa amefika altareni.

Baada ya hapo mti haukutoa jani jingine. Pale katikati pakawa na shimo jeusi lenye harufu. Mwisho Matilda akafunga mgahawa, akaenda Mbalizi kuulizia vitalu mpaka akampata mwenyewe, mama mmoja aitwaye Esnath.

"Chini ya majani kuna miiba?" Esnath akauliza.

"Inachoma kama sindano."

"Basi ni mtende mfupi, wa mapambo. Namkumbuka mume wako. Aliniuliza kama utaweza baridi ya kwenu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia utaweza, ukipata mtu wa kuutunza. Akasema mtu yupo."

Matilda akampa simu aone picha. Esnath akaikuza kwa vidole.

"Nani kakata hapa katikati?"

"Jani moja tu, dada. Lile dogo."

"Mti huu hauchipui pembeni. Moyo wake ni huo mmoja. Mngekata makubwa yote mkaacha hako kadogo, ungepona."

"Mbona bado ni wa kijani?"

"Utakaa hivyo miezi. Pole, dada."

Alitaka kumpa mwingine wa aina ileile, bure. Matilda akashukuru, akauacha.

Siku mbili baadaye Jailos akaingia mgahawani, akasimama kwanza mbele ya ndoo.

"Mtende wetu huo! Kijani kitupu! Parokiani mpaka leo wanausifia ule msalaba. Mwakani, mama Happy, nitachukua tena kadogo tu."

Alikuwa anacheka, kofia mkononi. Matilda akamvutia kiti.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Kaa, nikuletee wali."

Akampakulia, akamwongezea maharage. Kisha, kwa kuwa Jailos alikuwa amekaa akiuelekea mlango, Matilda akachukua jagi la maji akaenda kuumwagilia mti pale, kana kwamba utachipua.